Kabla ya kuuliza bei ya gari la kukodi, uliza likigongwa nani analipa

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nipo Dar es Salaam, na Desemba tunapeleka mahari Sengerema. Tutakuwa wanne: mimi, baba mdogo, shangazi na mshenga. Tutashukia uwanja wa ndege wa Mwanza, tutahitaji gari siku nne, na katikati tutafika Musoma kumsalimia bibi. Nimepata bei tatu. Dalali wa mtandaoni ana gari dogo, IST, kwa shilingi 60,000 kwa siku, anataka nimtumie 200,000 anishikilie hilo gari. Kampuni moja ina RAV4 kwa 120,000, amana 500,000, kilomita 100 kwa siku, na kila kilomita inayozidi ni 800. Halafu kuna mzee mmoja ana Noah, 180,000 pamoja na dereva, mafuta juu yetu. Mbona bei zinapishana kiasi hiki? Sitaki kuumbuka mbele ya wakwe."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hatua hiyo. Nilikodisha magari hapa Mwanza kwa miaka tisa, nikaanza na IST moja nikafika sita, kabla sijawaachia vijana. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, yule unayemwogopa.

Umeuliza mbona bei zinapishana. Zinapishana kwa sababu hao watu watatu hawakuuzii kitu kimoja. Gari ni chuma tu, na chuma kinafanana. Unachonunua kwao ni siku, pamoja na jibu la swali moja ambalo wateja wengi hawaliulizi mpaka bampa limeshaning'inia: hili likiharibika, nani analipa nini?

Nianze na siku. Gari la kukodisha likilala leo chini ya mwembe pale Kirumba, siku hiyo imekwenda, huwezi kuiuza kesho. Lakini bima yake inatembea, mkopo wake unatembea, na thamani yake inashuka hata kama halijasogea. Likitoka siku 12 kwa mwezi, hizo 12 lazima zilishe zile 18 zilizolala. Ndiyo maana Desemba, watu wa Kanda ya Ziwa wanaporudi nyumbani, bei inapanda na hakuna anayeona aibu. Ndiyo maana pia ukichukua siku nne mfululizo una haki ya kuomba punguzo, kwa sababu umemwondolea mwenye gari siku tatu za kutafuta mteja.

Na kuna faida ambayo mteja haioni kabisa, ya kuliuza gari lenyewe. Kampuni kubwa duniani hununua magari mapya kwa wingi, huyakodisha kwa muda, halafu huyauza kabla hayajachoka. Bei ya kuuzia ikiyumba, biashara nzima inayumba. Mei 2020 kampuni ya Hertz ya Marekani iliomba mahakama iikinge dhidi ya wadai wake. Wasafiri walikuwa wamekatika kwa sababu ya korona, na magari ambayo ndiyo yalikuwa dhamana ya madeni yake yalikuwa yanashuka bei. Mwenye Noah wako hana hisa New York, ila hesabu anayopiga ni hiyohiyo: akilitembeza hili miaka mitatu, atalitoa kwa shilingi ngapi? Ukimrudishia na mkunjo mlangoni, umemgusa pale anapotegemea kuvuna mwisho.

Sasa tuje kwa dalali wa 60,000. Sisemi ni tapeli. Huenda ni kijana mwaminifu tu mwenye simu na marafiki wenye magari. Lakini hapa mjini "kampuni" nyingi za kukodisha hazina gari hata moja. Gari ni la mwalimu, la mfanyabiashara wa Igoma, la nesi aliye masomoni, na dalali anakula kamisheni. Kwa hiyo swali la kwanza kwake ni hili: gari ni lako au la mtu? Kama ni la mtu, likikufia Bunda saa mbili usiku, dalali hana uamuzi. Atampigia mwenye gari, mwenye gari amezima simu, na nyinyi mpo barabarani na shangazi.

Swali la pili, mwambie akupigie picha kibao cha namba. Kwetu gari binafsi lina kibao cha njano na gari la biashara lina kibao cheupe. IST ya 60,000 mara nyingi ina kibao cha njano na bima ndogo, ile ambayo kwa gari binafsi mtu huilipia kama 118,000 kwa mwaka mzima. Bima ndogo inamlipa mtu mliyemgonga na mali yake. Gari mlilopanda hailigusi. Na hata kama ana bima kubwa, ile inayolinda na gari lenyewe, ikiwa aliikata kwa matumizi binafsi na huku analikodisha, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Hapo ndipo nusu ya bei ilipokwenda. Hajakupunguzia, amekuhamishia hatari, na hakukuambia.

Bima kubwa nayo usiione kama blanketi. Karibu kila moja ina kiasi cha kwanza cha hasara ambacho bima hailipi, wenyewe wanakiita eksesi. Mkataba mzuri unakitaja kwa shilingi, na kwa kawaida ndicho kikomo cha deni lako kama hukufanya uzembe. Mkataba mbaya unasema "mteja atawajibika kwa uharibifu wowote", basi. Uking'ang'ania neno moja tu katika mkataba mzima, ng'ang'ania hilo "wowote" lifutwe na iandikwe namba. Soma pia visivyolipwa: matairi, vioo, na uvungu wa gari huachwa nje mara nyingi, na aliyewahi kupanda Bugando au Mabatini kwenye vile vichochoro vya mawe anajua uvungu ndio unaoumia Mwanza. Dereva ambaye jina lake halimo kwenye mkataba, au mwenye pombe kichwani, anaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Baba mdogo akitaka "kukushika mkono kidogo" njiani, jina lake na leseni yake viwe vimeandikwa kabla hamjaondoka.

Kuhusu hiyo 200,000 ya kushikilia: usitume mpaka umeona kadi ya gari, na jina linalotokea kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya siri liwe linafanana na jina la mkataba. Omba akupigie simu ya video akiwa amesimama mbele ya gari, akuonyeshe na hati ya bima. Mwenye gari kweli atakuona msumbufu, ila atafanya. Asiye na gari atakuambia mtandao unasumbua.

Ila na sisi tutendee haki. Unaona tunavyodai kitambulisho cha NIDA, leseni, mdhamini wa hapahapa mjini, na bado tunaficha kifaa cha kufuatilia chini ya dashibodi? Kuna wateja huchukua gari asubuhi na mchana wameshaliweka rehani kwa mkopeshaji. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mtu gari la "kwenda Magu kwenye msiba, tunarudi jioni". Saa kumi nikafungua simu, kialama kipo Sirari, mpakani mwa Kenya. Kumbe alikuwa anakwenda kupokea mzigo. Gari lilirudi salama, lakini usiku ule sikulala. Kwa hiyo ukiulizwa maswali mengi usinune. Asiyekuuliza chochote ndiye wa kumwogopa.

Hapo inaingia amana ya 500,000. Wazungu hufungia kiasi kwenye kadi ya benki, sisi tunashika taslimu au kwenye simu. Amana si bei, inarudi. Mambo matatu yaandikwe: inarudi lini, inarudi kwa njia gani, na inakatwa kwa sababu zipi. "Tutaangalia" si jibu. Mimi nilikuwa nashika laki mbili tu ya faini za barabarani kwa siku saba, nyingine narudisha palepale, kwa sababu tochi za polisi, zile za kupima mwendo, haziji na risiti mkononi. Deni hukaa kwenye namba ya gari na mwenye gari hulikuta baadaye. Faini ya kosa moja ni 30,000. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kupokea gari, mwambie mwenye nalo afungue mfumo wa polisi muone kama lina deni la zamani. Kama lipo liandikwe, lisije likahesabiwa kwako.

Sasa piga hesabu ya RAV4, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa bila kuibiwa. Mwanza mpaka Musoma ni kama kilomita 220, kwenda na kurudi 440. Sengerema kwa kupita darajani, kwenda na kurudi, weka 120. Mizunguko ya mjini, uwanja wa ndege, hoteli, sokoni, weka 80. Jumla 640. Wamekupa 100 kwa siku, siku nne 400. Zimezidi 240, mara 800, ni 192,000. Ongeza kwenye 480,000 ya siku nne, unapata 672,000, yaani 168,000 kwa siku. Ile 120,000 haikuwepo kamwe. Mpigie tena umwambie njia yako kama ilivyo, uombe kilomita 650 kwa safari nzima kwa bei moja. Desemba anaweza kukataa, ila akijua unajua kuhesabu, hiyo 800 itashuka.

Halafu muulize kama bei ina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake, na kama atakupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukiomba risiti mwisho wa safari ndipo utaambiwa "basi ongeza kidogo". Afadhali hilo "kidogo" ulisikie leo.

Jambo jingine, mkataba unasema gari liende wapi. Mingi huandikwa "ndani ya mkoa". Nyinyi mnakwenda Musoma, ambako ni mkoa wa Mara, na njiani mnakatisha Simiyu pale Lamadi. Iandikwe Musoma kwa jina. Baada ya Lamadi mtaliona lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, pembeni kabisa ya lami, na najua shangazi atasema "tuchungulie tembo mara moja tu". Mikataba mingi inakataza hifadhini, na gari likikwama mle ni la kwenu peke yenu. Mwambie bibi anasubiri.

Kukabidhiana gari kunastahili nusu saa, na nusu saa hiyo iwe ya mchana. Usipokee gari gizani, wala mvua inanyesha, maana rangi iliyolowa inaficha mikwaruzo yote. Washa video kwenye simu, taja tarehe na saa kwa sauti, zunguka taratibu kuanzia taa ya mbele kushoto. Chuchumaa. Pitisha kidole chini ya bampa la mbele, pale ambapo macho hayafiki: kama kuna mpasuko utausikia kabla hujauona. Pitisha tena kwenye kingo za rimu zote nne. Mimi mwenyewe, nikiwa mteja katika mji mwingine, nililipishwa rimu iliyokwanguliwa ambayo nina hakika niliikuta hivyo, ila sikuwa na picha, na mwenye gari alikuwa mpole kweli, akanipa na chai. Fungua buti, toa tairi la akiba, libonyeze. Jeki ipo? Spana ya magurudumu ipo, na inaingia kwenye nati za gari hilo? Pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto? Mwisho kaa kwenye usukani, washa injini, piga picha dashibodi ikionyesha kilomita, mafuta na taa zozote zinazogoma kuzimika. Taa ya injini ikiwaka na ukaambiwa "hiyo huwa inawaka tu", usiondoke na hilo gari.

Mafuta ni rahisi: rudisha yalipokuwa, na hakikisha picha inaonyesha mshale. Ukipewa tanki nusu na ukaombwa kurudisha limejaa, hayo ni mapato ya pembeni. Uliza pia, na bila aibu yoyote, kama ni petroli au dizeli. Tumewahi kushusha tanki la gari kwa sababu mteja aliona vibaya kuuliza.

Njiani sina mengi. Kutoka mjini kwenda Sengerema mnakamata Nyegezi, Buhongwa, mpaka Usagara, mnakunja kulia kwenda Kigongo. Tangu Juni 2025 mnavuka Busisi kwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, badala ya kupanga foleni ya kivuko. Zamani foleni ile ilikuwa inanilia mimi nusu siku ya gari, na mteja alikataa kuilipia, na wote tulikuwa na haki. Mkiamua kupita Kamanga kwa kivuko, sawa, ila kwa gari la chini kama IST panda na shuka kwenye ule ulimi wa chuma mshazari na polepole. Ndipo mabampa yanapokatikia. Kwenye vijiji vya barabara ya Musoma, kibao cha 50 ni 50 kweli. Tochi ziko nyuma ya mti, nyuma ya kibanda, hata nyuma ya gari bovu.

Kuna deni moja la Mwanza ambalo mikataba ya Dar haina: harufu. Mgeni akimaliza shughuli anapita soko la Mwaloni kununua dagaa na sangara wa kukaushwa wa kupeleka nyumbani. Magunia yanaingia kwenye buti, madirisha yanafungwa, jua la saa nane linapiga. Niliwahi kupokea Noah siku ya Jumapili, nikafungua mlango nikaurudishia palepale. Viti vilitolewa vyote, vikaoshwa mara mbili, na wiki ya tatu mteja mwingine bado aliniuliza kwa upole kama gari langu ni la mvuvi. Siku zote hizo halikutoka. Kwa hiyo tukiwakata wateja pesa ya usafi kwa ajili ya dagaa, si roho mbaya. Nunua ndoo yenye mfuniko, funga kwa nailoni mara mbili, au tuma kwa basi. Na wakwe wakikupa mbuzi wa heshima, pokea kwa mikono miwili, halafu mbuzi aende kwa pikipiki.

Likitokea la kutokea, Mungu aepushe, usilisogeze gari na usilipane na mtu kichochoroni hata akikuomba. Piga 112, mpigie mwenye gari dakika hiyohiyo, piga picha kabla watu hawajajaa. Bima bila ripoti ya polisi haitembei, na ukiondoka eneo la ajali umeshajifunga mwenyewe. Gari likifa bila ajali, usimwite fundi wa njiani kabla mwenye gari hajakubali kwa ujumbe wa maandishi. Fundi akifungua kitu, kila bovu lililokuwemo tangu zamani linakuwa lako.

Umeniuliza uchukue lipi. IST iache: wanne, mizigo ya mahari, na bima usiyoijua, hapana. Noah ya mzee kwa siku nne ni 720,000 na mafuta juu yenu. Ongeza posho ya dereva ya kula na kulala, hiyo muulize leo, maana akikuambia "tutaelewana" atakuelewesha Musoma. Muulize pia kama gari lina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya kubeba abiria wa kukodi. Faida yake ni kubwa: gari likiharibika ni la kwake na dereva wake, na wewe unashuka kwa wakwe na shati halijakunjamana. RAV4 ni nzuri kama unapenda kuendesha na wakikubali kilomita 650 na eksesi iliyoandikwa. Kwa safari ya mahari, mimi ningemchukua mzee. Kwa safari ya kutembea na mkeo mwakani, ningechukua RAV4.

Na ukichukua RAV4, panga mapema siku ya kurudisha. Ndege zenu za Dar huenda zikawa za alfajiri, na utaambiwa "acha ufunguo kwa mlinzi, tutaangalia kukikucha". Kataa. Rudisha jioni yake, jua likiwa bado lipo, zungukeni gari wote wawili na ile video ya kwanza mkononi, asaini kwamba amelipokea zima, na amana iingie kwenye simu yako mkiwa bado mmesimama hapo. Asubuhi mchukue bajaji kwenda uwanjani.